Ratiba imetoka, tafuta Lakers kwanza

Kwenye kipindi cha wiki hii tulianza kueleza kwa nini kila Agosti, ratiba ya Timberwolves ikitoka, watu wa hapa Minneapolis na Saint Paul wanatafuta kwanza jina moja: Lakers. Muda ukatuishia. Basi nimeona nimalizie hapa.

Mechi ziko 82. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wanatafuta Lakers kwa sababu ya Kobe. Kumbe kisa ni cha zamani zaidi. Lakers walianzia hapa hapa Minneapolis, mwaka 1947, na jina lao linatokana na maziwa yetu, si unajua Minnesota inajiita nchi ya maziwa 10,000. Wakiwa na George Mikan, jitu la miwani, walichukua ubingwa mara tano kati ya 1949 na 1954.

Mikan alipoondoka, timu ikashuka na watazamaji wakapungua. Januari 1960, wakitoka kucheza ugenini St. Louis, ndege yao ilipotea kwenye dhoruba ya theluji, na rubani akaitua kwenye shamba la mahindi karibu na mji wa Carroll, Iowa. Wote wakatoka wazima. Lakini mwaka huohuo timu yenyewe ikahama, na ratiba ya msimu uliofuata ikaandikwa Los Angeles Lakers. Jina likaenda, maziwa yakabaki.

Ikapita miaka 29 bila timu ya NBA. Timberwolves walipoanza kucheza mwaka 1989, watu walikuwa na kiu kweli. Msimu ule wa kwanza, ndani ya Metrodome, waliingia mashabiki zaidi ya milioni moja, rekodi ya NBA wakati ule, na timu yenyewe ilikuwa inafungwa mara nyingi tu! Halafu mwaka 1994 nusura nayo ihamie New Orleans. NBA ikakataa mauzo yale, na Glen Taylor, mfanyabiashara wa Minnesota, akainunua. Kwa hiyo ukimwona mzee wa hapa anasoma ratiba polepole kama anasoma barua, muelewe. Anahakikisha bado tupo.

Baba yangu yeye hakuwa na habari na Lakers. Alitoka Temeke, na mpira kwake ulikuwa Simba na Yanga, basi. Mpaka Juni 2009, siku NBA wanachagua wachezaji wapya. Memphis Grizzlies, wenye nafasi ya pili, wakamchukua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu. Mtanzania wa kwanza NBA! (Usiku huohuo Minnesota walichagua wa tano na wa sita, wakamwacha Stephen Curry, akaenda wa saba. Hapo ndipo mashabiki wa hapa wanaposhika kichwa mpaka leo.)

Ratiba ilipotoka, Baba akaichapisha kazini, akazungushia wino mwekundu siku ambayo Memphis wanakuja Target Center. Akabadilishana zamu ya usiku na mwenzake miezi kabla. Mimi nikapewa kazi moja tu: kumwambia Baba Mdogo, kule Dar, mechi inaanza saa ngapi kwao, aifuatilie kwenye intaneti kwa rafiki yake.

Mechi ilikuwa saa moja jioni yetu. Simu ikaniambia Dar itakuwa 4:00 alfajiri. Nikampigia: “Baba Mdogo, ni saa nne.”

Wewe uliyekulia huku umeshaona kosa. Nimesoma namba kwa Kiingereza, nikaitamka kwa Kiswahili. Saa kumi alfajiri ikawa saa nne. Baba Mdogo akalala vizuri, akaamka, akanunua vitumbua, akaenda kwa rafiki yake saa nne asubuhi. Mechi ilikuwa imekwisha zamani, sisi tumelala.

Sikumbuki Thabeet alicheza dakika ngapi usiku ule. Nakumbuka wachezaji wakipasha misuli, na Baba, mtu mpole ambaye kazini hata jina lake walishindwa kulitamka, amesimama anapiga kelele: “Hasheem! Tupo huku, mdogo wangu!” Sijui kama alisikia. Watu wa mbele yetu waligeuka. Baba hakukaa chini.

Ninachojuta ni kwamba Baba Mdogo alitakiwa kuwa nasi dakika ile, akiwa macho, na neno moja langu lilimwacha nje. Hakunigombeza. Alicheka tu, akasema, “Mwanangu, Kiswahili unacho, saa ndiyo huna.” Iliniuma kuliko kugombezwa.

Tangu hapo kila Agosti nakaa na ratiba, naiandika upya kwa mkono kwa saa za Kiswahili, nampigia picha namtumia. Na nimejifunza mtego mwingine: Oktoba Dar wako mbele yetu kwa saa nane, lakini Jumapili ya kwanza ya Novemba sisi tunarudisha saa nyuma na wao hawarudishi, zinakuwa tisa. Mechi ya saa moja jioni inahama kutoka saa tisa usiku kwenda saa kumi alfajiri.

Aprili 2025 Wolves waliwatoa Lakers kwenye mchujo, nne kwa moja. Mchezo wa mwisho ulichezwa Los Angeles, na kule Dar kulikuwa kunapambazuka. Simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya Baba Mdogo. Alikuwa macho.

Kwa hiyo ratiba ikitoka, mtafute Lakers, halafu mtafute mtu wenu wa nyumbani. Mwambie saa. Saa sahihi, tafadhali.