Posho ya Tembo

Kinyesi cha tembo tulikikuta mchangani kabla hatujaingia mpaka wa Hifadhi ya Saadani, hatua chache kutoka bahari inapoishia. Kilikuwa kimekauka, kimejaa nyuzi za majani na kokwa za mikoche. Mjomba, mvuvi wa Pangani aliyekubali kunipeleka Saadani kwa pikipiki yake kwa sharti kwamba mafuta najaza mimi, alikigeuza kwa ncha ya kandambili akacheka.

"Huyu anakula siku nzima, mjomba. Ungemfuga ungempa nini?"

Nilikuwa nimekuja kutafuta habari za ng'ombe. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa Shirika la Misheni la London alishuka hapa Saadani, akachukua ng'ombe wanne akaenda nao hadi Mpwapwa. Alirudi na matumaini makubwa: magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama aliyoyazoea kusini mwa Afrika, yangeweza kufika bara. Mwaka uliofuata misheni ilianza safari kutoka Saadani na magari yake, na ng'ombe wakafa njiani. Aliyewamaliza ni ndorobo, yule mbung'o ambaye wenyeji walimjua zamani sana, kabla mzungu hajamweka chini ya darubini.

Ikabaki njia ileile ya siku zote: bega la mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi, mara nyingine zaidi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisimulia kwamba babu yake alikuwa na sugu ya bega iliyokuwa ngumu kama kisigino, na wajukuu walipenda kuigonga kwa kidole. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu aliyeagiza tembo waje kumpumzisha mpagazi, nilifurahi. Nakiri. Kisha nikaliona jina la mwagizaji: Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Tembo walikuwa wanne, waliozoezwa kazi huko India. Meli iliyoitwa Chinsura iliwaleta kutoka Bombay mwaka 1879, ikatia nanga Msasani, Dar es Salaam, wakaogelea hadi ufukweni. Leo palepale watu wanakunywa kahawa ghali wakiangalia maji. Msimamizi wa safari alikuwa Kapteni Carter. Majina ya tembo yamehifadhiwa: Sundergrund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla. Hilo la mwisho ukilitamka polepole utalisikia neno la Kihindi, phulmala, shada la maua. Nilitafuta katika masimulizi hayohayo jina hata la mpagazi mmoja aliyetembea nao, nikatoka mikono mitupu. Nilimwonea wivu tembo. Ni jambo la ajabu kumwonea wivu mnyama aliyekufa.

Maana walikufa, na namna walivyokufa ndiyo inayonirudisha kwenye swali la mjomba. Tembo wa Asia mkubwa hula kilo 150 hivi kwa siku, na porini hutumia saa 16 au zaidi akitafuta na kutafuna. Wafugaji wa India walilijua hilo vizuri. Tembo wa kazi hupewa nafaka juu ya majani, huogeshwa, husuguliwa ngozi, hukaguliwa nyayo na mgongo kama kuna kidonda. Sasa mtwishe mzigo, mtembeze tangu alfajiri katika nchi asiyoijua, kisha mwambie ajitafutie. Hivyo ndivyo jaribio lilivyopangwa. Walitaka kujua mambo matatu: kama mbung'o atawaua, kama wataweza kupita na mizigo katika njia za kila aina, na kama wataishi kwa majani ya porini tu.

Neno posho tumelirithi kutoka misafara hiyo. Mpagazi alipewa kipande cha nguo, merikani au kaniki, abadilishe apate chakula vijijini. Posho ilikuwa ndogo, ilichelewa, ililetewa ugomvi, lakini ilikuwepo, na mpagazi asiyepewa aliweza kutua mzigo na kutoroka usiku. Tembo hakuwa na posho, na kutoroka hakuweza.

Mbung'o waliwauma, hawakufa kwa hilo. Wakafika Mpwapwa. Hapo Sundergrund, dume kubwa, akaanguka na kufa. Carter aliandika kwamba maswali yote matatu yamejibiwa, na jaribio limefaulu. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nasimama hapo. Wawili wengine walikufa mbele, njiani. Mwishoni mwa 1879 aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa Pulmalla peke yake. Juni 1880 Carter mwenyewe na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe na askari wa Mirambo, wakiwa njiani kurudi pwani.

Leopold hakukata tamaa. Miaka 20 baadaye Wabelgiji walianza kukamata tembo wa Kongo wenyewe na kuwafundisha kazi huko Api, kisha Gangala na Bodio. Wakati huo katika nchi hiyohiyo watu walikuwa wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira, kwa hiyo hadithi ya kumpumzisha mpagazi sijui nani aliiamini.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amechuchumaa.

"Wahenga wanasema tembo hashindwi na mkonga wake," alisema. "Mkonga ni wake. Ile mizigo haikuwa yake."

Akakichukua kile kinyesi, akakifunga ndani ya gazeti, akakibana nyuma ya kiti cha pikipiki. Mtoto wa dada yangu alishikwa na degedege wiki ile. Hospitali alishapelekwa na dawa alishapewa, lakini nyumbani wazee walitaka na ule moshi.