Panya, Mjusi na Sindano: Historia ya Onyo Moja

Siku hizi katika nyumba nyingi za Muscat utaikuta kalamu ya sindano ndani ya friji, pembeni ya tende na chupa za maji. Majina ya Ozempic na Mounjaro yanatajwa kwenye maharusi kama zamani yalivyotajwa majina ya washonaji. Pamoja na majina hayo husafiri neno la kutisha: "Sindano hiyo inaleta saratani." Neno likifika kwenye kundi la simu la ukoo, bibi mmoja anaendelea na dawa yake, mwingine anaificha na hamwambii daktari. Tumeona ni vizuri kulifuata neno hilo mpaka lilipoanzia.

Tuanze hapa kwetu. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoanza kutawala, familia nyingi zilirudi Oman kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na hata Burundi na Kongo, zikaja na Kiswahili chao. Nchi ilijengwa haraka: barabara, hospitali, shule, ofisi zenye viyoyozi. Kazi za kutembea na kubeba zikapungua, chakula kikaongezeka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1991 uliwakuta na kisukari watu wazima wapatao 10 katika kila 100. Mwaka 2000 walikuwa kati ya 11 na 12, na mwaka 2017 walizidi 15. Mwaka 2019 serikali iliweka ushuru wa asilimia 50 juu ya soda. Kwa hiyo dawa hizi zilipofika, zilikuta watu wengi wanaozihitaji kweli.

Zilitoka wapi? Insulini ilimwokoa mgonjwa wa kwanza mjini Toronto mwezi Januari 1922. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Boston na Copenhagen waligundua homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Tukila, homoni hii huliambia kongosho litoe insulini, hupunguza mwendo wa chakula tumboni, na huupa ubongo habari kwamba tumeshiba. Tatizo ni kwamba mwilini huvunjika ndani ya dakika chache. Jawabu lilipatikana mahali pasipotarajiwa. Daktari John Eng, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, aliikuta ndani ya sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila kemikali inayofanana na homoni hiyo, lakini inayodumu. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa exenatide, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005. Ikafuata liraglutide ya kila siku, kisha semaglutide ya mara moja kwa wiki, iliyoruhusiwa kwa kisukari mwaka 2017 kwa jina la Ozempic na kwa kupunguza uzito mwaka 2021 kwa jina la Wegovy.

Na hapa ndipo panya wanapoingia. Kabla liraglutide haijaruhusiwa, panya wa maabara walipewa dawa hiyo kwa muda wa karibu miaka 2, sawa na umri wao wote. Baadhi yao walipata uvimbe kwenye seli C za tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo. Kadiri kipimo cha dawa kilivyopanda, ndivyo uvimbe ulivyozidi. Wakala wa dawa wa Marekani, FDA, uliiruhusu dawa mwezi Januari 2010, lakini uliamuru maelezo yake yaanze na onyo lililozungushiwa mstari. Onyo hilo linasema kwamba uvimbe ulionekana kwa panya, na kwamba haijulikani kama dawa husababisha jambo hilo kwa binadamu. Dawa nyingine za jamii hiyo zilizofuata, zikiwemo Ozempic na Mounjaro, zilipewa onyo kama hilo.

Kwa nini panya si sisi? Seli C za panya zina vipokezi vingi vya GLP-1, za binadamu zina vichache sana. Tumbili waliopewa liraglutide kwa miezi 20 hawakuonyesha mabadiliko yale. Hata hivyo onyo lina watu wake. Mwenye saratani ya thairoidi aina ya medula, au ambaye ndugu yake wa damu ameipata, au mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao MEN 2, hatakiwi kutumia dawa hizi.

Hofu haikuishia kwa panya. Mwaka 2013 kulizuka mjadala mkubwa kuhusu saratani ya kongosho. Wakala wa Marekani na wa Ulaya walichunguza, na mwaka 2014 walisema ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba dawa ndiyo sababu. Kisha utafiti wa Ufaransa, uliotoka mwishoni mwa 2022, uliona saratani ya thairoidi zaidi kwa waliotumia sindano kati ya mwaka 1 na 3. Wakala wa Ulaya ulipitia tafiti zote, na Oktoba 2023 ukaamua kwamba hazithibitishi uhusiano huo. Mwaka 2024 ukatoka utafiti wa Denmark, Norway na Sweden wenye watumiaji zaidi ya 145,000, uliowafuatilia kwa wastani wa karibu miaka 4. Haukuona ongezeko kubwa. Miaka 4 ni michache kwa saratani, ndiyo maana uchunguzi unaendelea.

Tusiwacheke wanaoogopa, maana historia inawapa sababu. Mwaka 2011 Ufaransa ilisimamisha pioglitazone, kidonge cha kisukari, kwa wasiwasi wa saratani ya kibofu. Mwaka 2020 lorcaserin, kidonge cha kupunguza uzito, kiliondolewa Marekani baada ya utafiti wa watu wapatao 12,000 kuonyesha saratani zaidi kidogo kwa waliokitumia.

Lakini mizani ina upande wa pili. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitaja aina 13 za saratani zinazohusiana na unene. Utafiti wa Marekani wa 2024, kwa wagonjwa wa kisukari, ulikuta 10 kati ya aina hizo ni chache zaidi kwa waliotumia sindano hizi kuliko waliotumia insulini. Walipolinganishwa na wanaotumia metformin, faida hiyo haikuonekana, na saratani ya figo ilikuwa zaidi kwa wa sindano.

Sisi tuliokulia kati ya Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili ndio tunaoitwa kusoma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Kati ya "imeonekana kwa panya" na "inaleta saratani" kuna safari ndefu, na mara nyingi ni mjukuu mwenye haraka anayeikatisha. Tumsomee bibi neno kwa neno. Tumuulize kama kuna aliyeumwa saratani ya thairoidi katika ukoo, na kama ameona uvimbe shingoni au sauti kukwaruza bila kupona. Majibu hayo tuyapeleke kwa daktari wake, na dawa isiachwe kabla daktari hajasikia.