Cheki ya marehemu haijapotea
Baba alipofariki tuligawana mirathi tukidhani tumemaliza. Mwaka jana nikabonyeza *361#, nikaweka nambari ya kitambulisho chake. Kumbe ana pesa zimelala.

Kwa sheria ya mwaka 2011, cheki za mishahara zisizochukuliwa, bima, hisa na akaunti zilizokaa kimya miaka 5 hukabidhiwa mamlaka ya serikali, UFAA. Mwenyewe akidai, hurudishiwa. Akifa, hudai warithi.

Tulipeleka cheti cha kifo, vitambulisho vyetu na hati ya mirathi kutoka kwa Kadhi. Kudai ni bure, kwa hivyo ndugu zangu, msimpe dalali haki ya mayatima. Pesa zikitoka si za aliyezitafuta: mama ana thumni yake, na dada zetu mafungu yao.