Nachingwea na Ruangwa: Mgao Sawa kwa Wasio Sawa

Kila Baraza la Mitihani la Taifa linapotangaza matokeo ya darasa la saba, mikoa ya Kusini hurudishwa mizanini. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zimetajwa miongoni mwa mikoa inayoburuza mkia, na maelezo yamekuwa yale yale: jando na unyago, wazazi wasiojali, watoto wanaopelekwa mashambani. Sikatai kwamba mila na misimu ya kilimo vina nafasi yake. Hata hivyo, maelezo hayo huianza hadithi mwishoni. Historia ya shule za msingi za Nachingwea, na za Ruangwa iliyozaliwa kutoka humo katika miaka ya 1990, ni historia ya fedha ambayo kila mara ilimwendea kwanza aliyekwisha kuwa nacho.

Shule za mtindo wa Ulaya zililetwa katika ukanda huu na wamisionari: Waanglikana wa UMCA waliotulia Masasi mwaka 1876, kisha Wabenediktini waliofungua vituo vya Lukuledi na Nyangao, vyote viwili vikachomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza walipoanzisha utaratibu wa ruzuku katika miaka ya 1920, waliitoa kwa shule zilizotimiza masharti ya mitaala na walimu wanaotambuliwa. Kwa kawaida hizo zilikuwa shule za misheni. Vyuo vya Kurani, vilivyokuwa vikifundisha watoto wa Kiislamu tangu zamani, havikuhesabiwa. Ruzuku ikamfuata mwenye mwalimu. Kijiji kisicho na mwalimu kikakosa vyote viwili.

Kisha fedha ikaja, tena nyingi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mradi wa Karanga, na Nachingwea ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ilijengwa kutoka pwani, na bandari mpya ikajengwa Mtwara. Mradi ulipovunjwa mwaka 1951 ulikuwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Fedha ile ilikuja kutafuta mafuta ya kula kwa ajili ya Waingereza, wala haikumtafuta mtoto wa Ruponda au Mnero. Mamilioni yanaweza kupita katika wilaya bila kuigusa shule yake.

Serikali ya Mwalimu Nyerere ndiyo ya kwanza kumtafuta mtoto huyo kwa dhati. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 ukawa ndio mwaka wa kuitimiza. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wanavijiji. Upungufu wa walimu ulizibwa kwa vijana waliomaliza darasa la saba, waliojifunza ualimu wakiwa kazini. Ilikuwa hatua kubwa ya haki, lakini msingi wake wa fedha ulikuwa mwembamba. Katikati ya miaka ya 1980 uchumi uliyumba na wazazi wakaanza tena kuchangishwa. Kusini michango hiyo ilidaiwa wakati mbaya kuliko wote: uzalishaji wa korosho nchini, uliofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Mzazi aliyeitwa asiyejali alikuwa amepoteza zao lililokuwa mfuko wake.

Tangu hapo tumefuta ada mara mbili nyingine. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002 uliweka ruzuku ya uendeshaji ya dola 10, sawa na shilingi 10,000 hivi, kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Waraka Namba 5 wa mwaka 2015 ulithibitisha elimu bila ada, na kuanzia Januari 2016 ruzuku ikapelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule. Kiwango kilibaki shilingi 10,000, ambazo wakati huo hazikufika dola 5. Kati ya hizo, 6,000 zilikwenda shuleni na 4,000 zikabaki serikalini kwa ajili ya vitabu.

Tufanye hesabu. Kwa shilingi 6,000, shule ya mjini yenye wanafunzi 1,500 hupata shilingi 9,000,000 kwa mwaka. Shule ya kijijini yenye wanafunzi 150 hupata 900,000. Lakini shule hiyo ndogo nayo ina madarasa saba ya kuandalia mitihani, paa la kukarabati, na mwalimu mkuu anayelipa nauli ndefu zaidi kufika makao makuu ya wilaya. Na pale ruzuku inapopungua, mji huwa na wazazi wa kuchangia na halmashauri yenye vyanzo vingi. Nachingwea na Ruangwa hutegemea sana ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Mkulima alipata nafuu, na ni haki yake. Halmashauri za namna hii zikabaki na pengo.

Mgao wa kichwa kwa kichwa una sura ya usawa, lakini kwa shule zilizoanza mbio zikiwa nyuma ni ile ruzuku ya miaka ya 1920 katika vazi jipya. Kinachohitajika ni kila shule, hata iwe ndogo kiasi gani, kupata kwanza kiwango cha chini cha kuiendesha. Hesabu ya vichwa ifuate baadaye, na umbali na umaskini viongeze mgao. Siku matokeo ya darasa la saba yatakapobandikwa pamoja na kiasi cha fedha kilichoifikia kila shule, tutaweza kuwauliza wazazi wa Kusini wamefanya nini. Kabla ya siku hiyo, wao ndio wenye haki ya kutuuliza.