Mtarajiwa wa Uwanja wa Ndani

Katika lugha ya besiboli ya Marekani liko neno, prospect, ambalo hutajwa kila siku katika ofisi za klabu, magazetini na katika mazungumzo ya wazazi wenye watoto wachezaji, nalo ni jina la kijana ambaye hajawa mchezaji wa ligi kuu, na pengine hatakuwa kamwe, lakini ambaye watu wenye ujuzi wa kazi hiyo wamemtazama, wakampima, kisha wakaandika kwa hati zao kwamba anastahili kungojwa. Waandishi wetu wa michezo, ambao hukutana na neno hilo katika habari za kandanda pia, wamelifasiri kwa namna mbalimbali: huyu husema kinda, yule husema chipukizi, na wa tatu husema kipaji, kana kwamba kipaji na mwenye kipaji ni kitu kimoja. Mimi naona fasiri iliyo karibu zaidi na maana ni mtarajiwa, na sababu zangu nitazieleza kwa mfano wa kijana achezaye uwanja wa ndani, maana hapo tofauti ya maneno haya hudhihirika kuliko mahali pengine popote.

Kinda na chipukizi ni majina mazuri, lakini yote mawili hutaja umri tu. Kila kijana wa miaka 16 achezaye mpira ni chipukizi, awe hodari au asiwe. Watarajiwa miongoni mwao ni wachache mno. Kadhalika mwanamume wa miaka 24, aliyekwisha kuoa na kupata watoto, aweza kuwa bado katika ligi ndogo na bado akahesabiwa mtarajiwa, ilhali kumwita kinda kungekuwa kumvunjia heshima. Kitenzi kutarajia tulikipata kwa Waarabu, nacho kina ndani yake raja ya mtu anayengoja. Na kwa kuwa mtarajiwa limeundwa kwa kauli ya kutendwa, hapana budi nyuma ya jina hilo awepo anayetaraji, tena awe na hoja ya kutaraji kwake. Tumesema siku zote bibi arusi mtarajiwa, na hakuna asikiaye maneno hayo akadhani kwamba ndoa imekwisha kufungwa, wala asiyefahamu kwamba posa huweza kuvunjika.

Uwanja wa besiboli una pembe nne zilizopangwa mraba, kila pembe ikiwa mbali na ya pili yake kwa futi 90, yaani mita 27 na nusu hivi: pembe moja ni bamba la nyumbani, asimamapo mpigaji na gongo lake, na tatu zilizobaki ni besi ambazo yampasa kuzizunguka hata arejee alikotoka. Mraba huo pamoja na udongo ulio kandokando yake ndio uwanja wa ndani, na walinzi wake ni wa besi ya kwanza, wa ya pili, wa ya tatu, na yule asiye na besi ya kwake mwenyewe, asimamaye baina ya ya pili na ya tatu, ambaye Wamarekani humwita shotistopu. Katika hao wanne huyu wa mwisho ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa wapigaji wengi ni wa mkono wa kulia na mipira yao ya chini huelekea upande wake, tena akiudaka mpira karibu na besi ya tatu humlazimu kuurusha kiasi cha mita 40 hata ufike besi ya kwanza. Mpigaji wa kadiri wa ligi kuu, apigaye kwa mkono wa kulia, hutoka bamba la nyumbani hata besi ya kwanza kwa sekunde 4.3 hivi. Katika muda huo mlinzi lazima auone mpira, aukimbilie, asome mdundo wake katika udongo, auchote, autoe ndani ya glovu kwa mkono wa pili na kuurusha, na akichelewa kwa kadiri ya kupepesa jicho kazi yote imekwenda bure.

Kwa ajili hiyo mtu aliyekwenda kumtazama kijana wa nafasi hii aghalabu hautazami mpira. Hutazama miguu, na huanza kuitazama kabla mpira haujapigwa: je, uzito wa mwili umekaa mbele ya nyayo, tayari kwenda kulia au kushoto, au umelala visiginoni? Hatua ya kwanza imekwenda panapostahili, au imerudi nyuma kwanza kama ya mtu aliyeshtushwa? Baada ya miguu huja mikono. Wamarekani husema kwamba mlinzi mwema ana mikono laini, lakini maneno haya hayafai kuhamishwa jinsi yalivyo, kwa sababu kwetu mwenye mikono laini ni mtu asiyeshika jembe wala kasia, naye husifiwa au husimangwa kwa hilo kulingana na asemaye. Wao wanakusudia mikono inayoupokea mpira kwa kurudi nyuma kidogo, ili usigonge glovu ukatoka. Ningependa tuseme mikono pokezi. Kisha huja nguvu ya mrusho, ambayo siku hizi hupimwa kwa rada, na mwisho huja jambo lisilopimwa kwa chombo chochote, nalo ni saa ambayo mchezaji anayo kichwani, inayomwambia kwamba mkimbiaji huyu ni mwepesi, fanya haraka, na huyu ni mzito, tulia, uushike mpira vizuri kwanza. Kijana asiye na saa hiyo huharakisha asipopaswa, na makosa yake mengi hutokea katika mipira iliyo rahisi.

Mwenye kazi hii tumwite nani? Skauti huandikwa sana magazetini, lakini kwa wasomaji wengi jina hilo ni la vijana wenye vitambaa shingoni na kiapo cha kusaidia watu. Mpelelezi ni wa polisi. Msaka vipaji limeenea, nami sina neno nalo ikiwa linamtaja mtu azungukaye mashamba na miji akitafuta. Lakini usakaji huisha mnyama anapopatikana, na kazi ninayoieleza ndipo kwanza huanza: kurudi mara ya pili na ya tatu, kumwona kijana siku ya mvua, siku aliposhindwa, na siku alipojua kwamba hatazamwi na mtu. Hiyo ni tathmini, neno ambalo shina lake ni thamani, na mfanyaji wake ni mtathmini.

Mizani ya mtathmini ni namba zianziazo 20 na kuishia 80. Namba 50 ni kadiri ya mchezaji wa ligi kuu, wala si kadiri ya vijana wenziwe wa shule. Na kila kumi inayoongezwa juu au kupunguzwa chini huonyesha daraja nzima ya umbali kutoka hapo, hata ikawa mwenye 80 ni nadra kabisa. Hupimwa vipawa vitano: kuupata mpira kwa gongo, kuupiga kwa nguvu ukaenda mbali, mbio, ulinzi na mrusho. Na kwa kila kipawa huandikwa namba mbili, moja ya hali ya leo na moja ya mustakabali. Kijana wa miaka 17 aweza kuandikiwa 30 na 55 katika kupiga, maana yake leo angeaibika mbele ya warushaji wa ligi kuu, lakini mtathmini anaamini kwamba akikua atawazidi wapigaji wa kadiri. Hapo, baina ya 30 na 55, ndipo mahali pa neno mtarajiwa. Chipukizi ana namba ya kwanza peke yake, kipaji kinataja sehemu moja tu ya hesabu, na nyota ni yule ambaye namba zake mbili zimekwisha kukutana.

Namba ya pili ndiyo inayomsumbua mtu mwadilifu asipate usingizi. Mwili wa kijana bado unajengeka. Mabega membamba yatajaa, uzito utaongezeka, na nguvu zitakazouongeza upigaji wake huenda zikaondoa wepesi wa miguu, hata ikabidi shotistopu ahamishwe besi ya tatu, ambako gongo lake litadaiwa zaidi kuliko lilivyodaiwa hapo awali. Ndiyo sababu watathmini huwatazama pia baba na mama waliokaa jukwaani. Na hata hilo si yakini, kwa maana Cal Ripken, ambaye kimo chake kilikuwa kama mita 1.93, alidumu akiwa shotistopu, nafasi ya wembamba na wepesi, kwa miaka mingi huko Baltimore.

Sijui mfano ulio bora wa utarajiwa kuliko ule wa Derek Jeter. Mwaka 1992, alipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari mjini Kalamazoo katika jimbo la Michigan, alitazamwa kwa niaba ya klabu ya Houston na Hal Newhouser, mzee aliyekuwa mrushaji mashuhuri katika ujana wake, aliyepata tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1944 na tena 1945. Newhouser aliisihi klabu yake, iliyokuwa na haki ya kuchagua kwanza kabla ya wote, imchukue kijana huyo. Klabu ilimchagua Phil Nevin, na Newhouser akaiacha kazi. Klabu nne nyingine nazo zikampita Jeter, na Yankees wa New York, ambao mtathmini wao Dick Groch alikuwa amemfuatilia kwa subira, wakamchukua akiwa wa sita.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19 katika ligi ndogo mjini Greensboro, Jeter alifanya makosa 56 ya ulinzi katika msimu mmoja. Namba hiyo ni ya kutisha, na mwenye kutazama daftari la makosa peke yake angesema kwamba kijana huyu aondolewe uwanja wa ndani upesi. Lakini makosa hayo yalipochambuliwa, yalikuwa ya namna gani? Aliifikia mipira mingi. Mkono wake ulikuwa na nguvu. Kilichoharibika ni miguu kutokaa sawa wakati wa kurusha, na glovu kushikwa vibaya, mambo ambayo mwalimu huweza kuyanyoosha. Msimu ulipokwisha, mkono wake mmoja ukiwa umeumia hata asiweze kupiga, aliwekwa chini ya mwalimu Brian Butterfield afanye ulinzi tu, siku baada ya siku. Mwaka 1994 alipanda madaraja matatu ya ligi ndogo na kutajwa na jarida la Baseball America kuwa mchezaji bora wa ligi hizo zote. Namba ya leo ilikuwa duni, namba ya mustakabali ilikuwa kweli, na Newhouser na Groch waliiona wakati kijana alikuwa hajafunza miguu yake kutulia.

Pamoja na sifa hizo, mizani hii huweza kudhulumu, nami nalisema bila kusita. José Altuve alipokwenda kujaribiwa mjini Maracay, Venezuela, alirudishwa nyumbani kwa ufupi wake, maana kimo chake hakikuzidi mita 1.68, akarudi tena siku ya pili, akakubaliwa, na mwaka 2007 akatia sahihi kwa dola 15,000, fedha kidogo mno katika soko lile. Miaka kumi baadaye alikuwa mchezaji bora wa ligi yake akiwa mlinzi wa besi ya pili. Waliomrudisha walikuwa wamepima mwili kwa jicho, wakasahau kupima mikono kwa muda wa kutosha.

Kwa sisi wa Afrika jina la Gift Ngoepe lastahili kuwekwa karibu na hayo. Mama yake alikuwa mtumishi katika klabu ya besiboli ya Randburg, Afrika Kusini, na mtoto akakulia hapo hapo kiwanjani. Pittsburgh walimsajili mwaka 2008, na tangu hapo kila aliyemwandikia tathmini alisifu glovu yake na kulitilia shaka gongo lake. Alikaa katika ligi ndogo miaka takriban tisa, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Aliposimama kupiga kwa mara ya kwanza, dhidi ya Jon Lester wa Chicago, alifika besi ya kwanza salama. Miaka yote hiyo tisa hakuwa kinda wala chipukizi. Alikuwa mtarajiwa, na sioni neno jingine la Kiswahili linaloweza kubeba muda mrefu namna ile bila kumdhalilisha.

Haja ya istilahi hii, basi, haiko mbali nasi. Watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa mwaka 2012 timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto mjini Williamsport, Pennsylvania, na Dar es Salaam kumejengwa kiwanja cha besiboli kwa msaada wa Wajapani. Watathmini wa ng'ambo watafika kwa vijana hawa, na wengine wamekwisha kufika. Ni haki ya mzazi kufahamu kwa lugha yake nini kinachoandikwa juu ya mwanawe, na hasa kwamba namba ya pili ni rai ya mtu, wala si ahadi ya klabu.

Limebaki suala la mpaka: mtu huacha kuwa mtarajiwa lini? Kwa kanuni ya ligi kuu, mpigaji hutoka katika hesabu ya wageni, yaani wachezaji wapya wa ligi hiyo, akiisha kupita zamu rasmi 130 za kupiga, au akikaa siku 45 katika kikosi. Jeter alipata zamu 48 tu mwaka 1995, na kwa hiyo mwaka 1996 alikuwa bado mgeni, akapata tuzo ya mgeni bora. Mgeni wa namna hii sisi tunalo jina lake la zamani, nalo ni mwanagenzi, yule aliyekwisha kupokewa katika kazi lakini bado anajifunza mikononi mwa waliomtangulia. Mtu huwa mtarajiwa, kisha mwanagenzi, kisha mchezaji. Na gazeti linalomwita mtarajiwa kijana ambaye amekwisha kucheza misimu miwili kamili ya ligi kuu, kwa sababu tu ndevu zake bado hazijaota, linampokonya cheo alichokwisha kukipata uwanjani.