Kufunga Mizigo Unguja

Vitabu vingi vinavyosimulia safari za kwenda bara katika karne ya 19 huanzia Bagamoyo, pale msafara unapoinua mizigo na ngoma inapolia. Mimi naona huko ni kuanzia katikati. Safari ilikuwa imekwisha kupangwa hapa Unguja kabla jahazi halijang'oa nanga. Hapa ndipo nguo ziliponunuliwa, ushanga ukachaguliwa, watu wakaandikwa, na deni nalo likaandikwa.

Mchukue Stanley. Alifika Unguja tarehe 6 Januari 1871, ametumwa na gazeti la New York Herald akamtafute Livingstone. Hakujua watu mia moja hula nguo kiasi gani kwa siku. Nasema hula nguo kwa sababu huko bara chakula kilinunuliwa kwa nguo. Wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wakipeleka misafara yao ndio waliomfundisha: watu 100, doti 10 kwa siku, nayo doti ni yadi nne. Akanunua doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za nguo za rangi. Jumlisha, msomaji, kisha gawa kwa kumi. Utapata siku 365 kamili. Hiyo si bahati. Ni hesabu ya watu waliokwisha kwenda na kurudi mara nyingi.

Ushanga ulikuwa na mtihani wake. Mweusi ulipokelewa Ugogo, kwingine haukuwa na thamani. Mwekundu ulitakiwa Unyamwezi. Ule mkubwa mfano wa yai ulifaa Ujiji, lakini ukiupeleka mahali pengine utarudi nao, yaani kama utarudi. Mtu aliyekosea rangi dukani hapa Unguja aliwaua watu wake kwa njaa miezi sita baadaye, na duka lenyewe halimo machoni tena. Ukaongezwa waya wa shaba nyeupe kwa nchi za ng'ambo ya Tanganyika.

Kisha mizigo. Mpagazi mmoja alibeba kama ratili 70, yaani frasila mbili, kilo 32 hivi. (Robota hilo la nguo liliitwa mtumba, na sisi leo twavaa mitumba bila ya kukumbuka bega lililoibeba.) Shehena ya Stanley ilifika tani zipatazo sita, ikahitaji watu zaidi ya 150. Akaigawa katika misafara mitano iliyofuatana, maana kundi kubwa humaliza maji ya kisima na chakula cha kijiji. Kupanga kote huko Unguja hakukuchukua hata mwezi mzima.

Kiongozi wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akapata uhuru bwana wake alipofariki, ndipo akarejea Unguja. Alikuwa amekwisha kwenda na Burton na Speke mwaka 1857, tena na Speke na Grant mwaka 1860. Baada ya Stanley akavuka bara na Cameron. Nani hapo alikuwa akimwonyesha njia mwenzake? Bombay angalau jina lake limebaki. Waliobaki waliitwa wangwana tu, nao wengi wao walikuwa watumwa hasa, ambao mabwana zao walichukua sehemu ya ujira.

Nimeyafikiri haya kwa sababu ya safari ndogo. Vijana watatu, watoto wa kaka yangu anayeishi Maskat, waliniandikia kwamba wanataka kukizunguka kisiwa kwa siku nne, nusu kwa miguu na nusu kwa gari, nami niwapangie. Mkubwa wao akaja na mpango wake mkononi.

"Ami, tuanzie Shangani, kwenye nyumba ya Tippu Tip. Tupige picha mlangoni."

Nikamwambia babu yao hakuondokea mlango ule.

Kwetu imekuwa ikisemwa kwamba babu wa bibi yetu alikuwa mpagazi, akaishi Kikwajuni, akaondoka na meli Madura. Meli hiyo ilitoka Unguja tarehe 25 Februari 1887. Ilimchukua Stanley na watu wa Unguja wapatao 600, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Kongo, safari ya kumwokoa Emin Pasha. Tippu Tip naye alikuwamo pamoja na watu wake. Yeye alirudi, akasimulia maisha yake kwa Kiswahili yakaandikwa kitabu, akafariki mjini hapa mwaka 1905, na mlango wake watalii wanaujua. Katika wale wote walioifuata safari ile hata nusu hawakurudi. Wetu hakurudi. Jina lake bibi alilijua, watoto wake hawakulishika.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza Kikwajuni kuna nini cha kuona. Nikamjibu hakuna kitu: nyumba, watu, uwanja wa mpira. Ndipo tutakapoanzia.

Basi tumekubaliana hivi. Siku ya kwanza kwa miguu, Kikwajuni alfajiri, tukatize Darajani, palipokuwa na daraja juu ya mkono wa bahari uliotenga Ng'ambo na Mji Mkongwe kabla haujafukiwa, ndipo tufike Shangani. Na picha apige akitaka. Siku ya pili gari hadi magofu ya Mtoni na Bububu, kisha tupande kwa miguu kwenye mikarafuu hadi hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850. Ya tatu Mangapwani. Ya nne ni mbali, Kizimkazi, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, ili waone kwamba kisiwa hiki kilikuwa na watu wake kabla ya sultani yeyote wa Omani.

Mdogo wao ameniuliza kila mmoja abebe kilo ngapi. Nimemwambia maji lita tatu, kofia, na viatu vilivyokwisha kuvaliwa.