Kasi na Ubora wa Sauti katika Historia ya Singeli

Singeli, muziki uliokulia Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala, katika maeneo ya Kinondoni ya zamani na Temeke jijini Dar es Salaam, ulijengwa juu ya kazi moja ya uhariri, nayo ni kuongeza kasi ya kipande kilichokwisha kurekodiwa. Ulitanguliwa na mchiriku, ambao tangu miaka ya 1990 vikundi kama Jagwa Music viliupiga kwa kuunganisha midundo ya ngoma za Wazaramo na kinanda kidogo cha Casio, huku sauti ikipitishwa katika amplifaya kuukuu na spika za honi, hata mkwaruzo wake ukazoeleka kuwa sehemu ya muziki wenyewe.

Katika vigodoro, yaani sherehe za mtaani zinazokesha, DJ alichukua kipande cha ala cha taarabu ya kisasa, akakirudiarudia na kukikimbiza, naye MC akaghani juu yake. Kipande kikikimbizwa kwa njia ya kawaida, mawimbi ya sauti hubanwa pamoja na muda, kwa hiyo wimbo wa mapigo 100 kwa dakika ukifikishwa 200 hupanda oktava nzima, na sauti ya mtu mzima ikawa nyembamba kama ya mtoto. Kompyuta ilileta njia ya pili, ambayo huikata sauti katika vipande vidogo mno, ikaviunganisha upya kwa kuvipandanisha ncha, ili muda ufupike na noti ibaki palepale. Lakini mashine ikilazimishwa mno, mlio wa ngoma hupoteza makali yake na sauti ya mwimbaji hutetema.

Kwa hiyo si haki kuuita wembamba wa sauti za singeli udhaifu wa kiufundi. Palipo na njia zote mbili, kuiacha noti ipande ni uamuzi wa usanii, tena wenye faida, kwa kuwa pigo la ngoma hubaki kali na sauti nyembamba huonekana wazi juu ya besi. Studio ya Sisso ya Mburahati iliufikisha uamuzi huo mbali: mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukifuatiwa mwaka 2018 na Poaa ya Bamba Pana, uliwasikilizisha wageni muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika na mara nyingine kukaribia 300.

Kasi hiyo huibana video kuliko inavyoibana sauti. Kwa kipimo cha picha 25 kwa sekunde, kilichorithiwa kutoka mfumo wa televisheni wa PAL, wimbo wa mapigo 300 huliachia kila pigo picha 5 tu, na mchezaji anayetikisa kiuno ndani ya pigo moja huacha ukungu badala ya umbo. Mhariri akiipunguza kasi ya picha hizo kwa nusu, programu hulazimika kurudia kila picha mara mbili, mwendo ukakatikakatika, au kubuni picha za katikati, na hapo mikono inayopishana huyeyuka. Dawa yake hupatikana kabla ya uhariri, kwa kurekodi picha 50 au zaidi kwa sekunde na kufungua shata ya kamera kwa muda mfupi zaidi kwa kila picha, jambo linalodai mwanga mwingi, ambao kigodoro cha usiku hakina.